Uzamili wa hisabati au kompyuta ukiwa Mbeya au Iringa: pesa na swali kwanza, fomu baadaye

Swali ninaloulizwa kila mwaka ni lilelile: "Kaka, chuo gani kimefungua dirisha?" Anayeuliza huwa ni mwalimu wa hisabati kule Mbozi au Mufindi, kijana aliyemaliza MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, ambaye sasa anatengeneza kompyuta Mwanjelwa, au dada aliyetoka chuo cha Mkwawa, Iringa, na shahada ya sayansi na ualimu. Wote wana haraka, na wote wanaanzia mwisho. Dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka, hilo halina taabu. Wanaokwama hukwamia kwenye mambo mawili yaliyopaswa kutangulia: pesa itatoka wapi, na unakwenda kutafiti nini. Mwenye majibu ya hayo mawili hujaza fomu jioni moja akalala. Kwa hiyo usitegemee mpangilio wa prospektasi hapa. Nimepanga hatua kama ningemwelekeza mdogo wangu.

Hatua ya 1: Soma transkripti yako kama anavyoisoma mdahili

Weka cheti kando, chukua transkripti. Kwa GPA ya alama tano tunayotumia nchini, daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na chini ya hapo ni pasi. Vyuo vingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, vinaanzia 2.7 kwa uzamili. Hicho ni kizingiti cha kuingia tu. Wafadhili wengi huanza kukuangalia kuanzia 3.5, na hapo ndipo wenye 2.9 wanapojikuta wamepata nafasi ya chuo lakini hawana wa kuwalipia.

Jambo la pili, ambalo wengi hawaliangalii kabisa, ni orodha ya kozi. Aliyesoma sayansi na ualimu amegawana muda kati ya masomo mawili ya kufundishia pamoja na kozi za elimu. Kozi zake za hisabati zinaweza kuwa nusu ya zile za mwenzake aliyesoma hisabati tupu. Mdahili wa uzamili wa hisabati atatafuta aljebra ya mstari, uchambuzi wa hisabati ule wa kuthibitisha kila kitu, milinganyo ya kikalkulasi (differential equations), na walau kozi moja ya aljebra dhahania. Upande wa kompyuta atatafuta miundo ya data, algoridhimu, hifadhidata na mifumo endeshi. Kaa na kalamu, weka alama kwenye ulizonazo, andika pembeni zinazokosekana. Pengo la kozi moja au mbili huzibika kwa kujisomea na kulieleza wazi kwenye barua ya maombi. Pengo la kozi tano linahitaji stashahada ya uzamili kwanza, na si aibu kuipitia.

Walimu wa sekondari wanaotaka kuhamia kompyuta, nawaambia mapema: kujua kutumia Excel vizuri na kuwa "mtu wa TEHAMA" pale shuleni si kigezo. Ila kama umefundisha hisabati kidato cha tano na sita kwa miaka, una msingi ambao wengi waliosomea kompyuta wanautamani.

Hatua ya 2: Jipime bila kufungua daftari

Kabla hujamwandikia mtu yeyote, jifungie na karatasi tupu. Upande wa hisabati: thibitisha kwamba mfuatano 1/n unakaribia sifuri. Usiseme "inaonekana". Chukua namba chanya yoyote, hata iwe ndogo namna gani, kisha onesha ni kuanzia n ipi ambapo 1/n inakuwa ndogo kuliko hiyo namba, na ueleze kwa nini haitarudi juu tena. Halafu chukua matriki ya mbili kwa mbili, tafuta thamani zake maalumu (eigenvalues), ueleze kwa maneno ya kawaida zinakuambia nini kuhusu matriki hiyo. Upande wa kompyuta: kwa nini kutafuta jina moja ndani ya orodha iliyopangwa ya majina milioni moja kunahitaji hatua zisizozidi 20? Kama jibu limekujia haraka kwamba kila hatua inakata orodha nusu, na kwamba 2 kuzidishwa yenyewe mara 20 ni 1,048,576, uko vizuri. Sasa iandike kama programu, uhakikishe haivunjiki jina linalotafutwa lisipokuwemo.

Ukikwama kote huko, usiogope. Umekaa mtaani miaka kadhaa na ubongo umepata kutu. Jipe miezi mitatu minne ya kujisomea jioni. Chuo cha MIT cha Marekani kimeweka masomo yake wazi bila malipo, yenye mihadhara, mazoezi na mitihani ya zamani. Yashushe kwa bando la usiku, uyaweke kwenye diski, umeme ukikatika Mafinga uendelee na betri. Fanya mazoezi kwa mkono. Kutazama mhadhara wa aljebra bila kukokotoa chochote ni burudani tu, na nimewaona watu wenye video mia kwenye simu ambao hawawezi kuthibitisha kitu.

Hatua ya 3: Jua milango iliyopo

Nyumbani kwanza. Dar es Salaam kuna idara kongwe ya hisabati pale Mlimani, na masomo ya kompyuta yapo kwenye ndaki ya TEHAMA kule Kijitonyama. Dodoma kuna UDOM, ambako mtu wa Iringa anafika kwa lami ya kupitia Mtera bila kuzunguka Morogoro. Arusha, pale Tengeru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo haichukui shahada ya kwanza kabisa. Ni uzamili na uzamivu (PhD) tu, na hisabati tumizi na kompyuta vinakaa chini ya paa moja. Kwa anayetaka kutumia hisabati kwenye magonjwa, maji au kilimo, mimi ningeitazama hiyo mapema. MUST yetu ya Mbeya nayo ina shahada za juu, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa kwa asiyeweza kuhama. Popote unapoelekea, hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe, siyo chuo tu, imo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa mwaka huo.

Mlango wa pili ni AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati. Ilianzishwa mwaka 2003 Muizenberg, karibu na Cape Town, na mwanafizikia Neil Turok, kisha ikafungua vituo Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Uzamili wake ni wa takribani miezi kumi, unafundishwa kwa kozi fupi za wiki tatu tatu na wahadhiri wanaotoka sehemu mbalimbali za dunia, na wanafunzi wanaishi palepale. Anayechaguliwa hugharamiwa, na maombi hayalipiwi. Ni mlango mzuri sana kwa mtu wa digrii ya ualimu mwenye alama nzuri, kwa sababu wanakufundisha upya namna ya kufikiri na kuandika programu. Ila mwendo wake ni wa mbio. Asiyezoea kukaa maabara hadi usiku wa manane atalia.

Wa tatu haujulikani sana huku kwetu: ICTP ya Trieste, Italia, kituo kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Wana stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na wanaochaguliwa wanalipiwa. Haikupi uzamili. Inakuandaa kwenda moja kwa moja kwenye uzamivu mahali pazito. Kama unapenda hisabati tupu, topolojia na jamaa zake, huu ndio mlango wako.

Marekani kuna utaratibu unaowashangaza wengi: idara za hisabati na kompyuta huchukua watu wa shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, wakawasamehe ada na kuwalipa posho kwa kufundisha semina za wanafunzi wa chini. Uzamili peke yake, kinyume chake, mara nyingi unajilipia. Kwa hiyo Mtanzania asiye na pesa ana nafasi zaidi kwenye uzamivu kuliko uzamili kule. Maombi mengi yanafungwa mwezi Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba inayofuata. Ada ya maombi inauma, lakini idara nyingi huisamehe ukiomba kwa barua pepe ya heshima kabla ya kutuma fomu.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, jambo ambalo watu hulisikia nusu na kuanza kufungasha. Nusu ya pili ni kwamba ubalozi utataka uoneshe pesa ya kujikimu kwenye akaunti maalumu iliyofungiwa, yuro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza 2024. Bila mfadhili, safari inaishia hapo.

Hatua ya 4: Tafuta swali, na ulitafute karibu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa nyanda za juu wana utajiri wasiouona. Mwanafunzi akiulizwa anataka kutafiti nini, hujibu "akili mnemba" au "modeli za hisabati". Hayo ni majina ya mashamba makubwa. Hayajakuambia utapanda nini. Swali ni kitu kidogo kuliko hapo, na zuri zaidi ni lile ambalo data yake unaifikia kwa daladala au basi la asubuhi.

Chukua foleni ya malori Tunduma. Kila dereva wa barabara ya Zambia anaijua. Hisabati ya foleni ilianza na Mdenishi A. K. Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, na maandishi yake ya kwanza yalitoka mwaka 1909. Modeli yake nyepesi kabisa ni hii: malori yanafika bila mpangilio kwa wastani wa λ kwa saa, dirisha moja linahudumia wastani wa μ kwa saa, na muda ambao lori linakaa kwa wastani, kusubiri na kuhudumiwa, ni 1/(μ − λ). Sasa tuweke namba za kujifunzia. Malori 9 yafike kwa saa, dirisha lihudumie 10. Kila lori litakaa kwa wastani saa 1 nzima, ingawa dirisha lina uwezo kuliko mahitaji. Ongeza kasi ya dirisha kutoka 10 hadi 12 tu. Muda unashuka hadi theluthi ya saa, dakika 20. Ongezeko la sehemu moja ya tano limekata muda wa kukaa mara tatu. Mwalimu anayeonesha hilo darasani kidato cha sita anawaamsha hata wa viti vya nyuma.

Lakini hapo bado hujapata uzamili, umepata zoezi. Uzamili unaanzia pale modeli inapokosea. Malori ya Tunduma hayafiki bila mpangilio. Yanakuja kwa makundi, kwa sababu yalilala sehemu moja. Baadhi yana nyaraka pungufu, yanatolewa kwenye mstari na kurudi baadaye. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kianze kazi, ukaguzi wa pande mbili unafanyika mahali pamoja, kwa hiyo foleni moja imeingia ndani ya nyingine. Chagua kasoro moja kati ya hizo. Moja tu. Iandikie milinganyo, au programu ya kuigiza, halafu ilinganishe na muda halisi ulioupima. Tayari una kichwa cha tasnifu, na msimamizi yeyote wa utafiti wa uendeshaji atakusikiliza.

Mfano mwingine ni wa watu wa kompyuta. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofundisha mashine kutambua magonjwa ya mimea kwa kutumia picha 54,306 za majani. Ulipata usahihi wa asilimia 99.35 kwenye picha za mkusanyiko uleule. Watafiti wenyewe wakakiri kwamba walipoijaribu mashine kwa picha zilizotoka kwingine, usahihi ulianguka hadi asilimia 31 na kitu. Sababu haifichiki ukizitazama picha zenyewe: jani moja moja limechumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Sasa nenda Umalila au Njombe msimu wa viazi, piga picha ya ukungu kwa simu ya kawaida, jani likiwa na matone, udongo na kivuli cha jembe. Kwa nini mashine inashindwa hapo, na ni picha ngapi za shambani zinahitajika ili ipone? Swali hilo ni halali, ni dogo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko palepale Mbeya, chenye wataalamu wa kukuhakikishia kwamba unachoita ukungu ni ukungu kweli.

Anayependa maji atazame mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, huku mashamba ya mpunga ya Usangu, bwawa la Mtera na wanyama vyote vikiutegemea. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini. Nenda na barua ya utambulisho, uliza ni takwimu zipi za mtiririko zinatolewa kwa wanafunzi. Magonjwa ya binadamu nayo yana kituo cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, pale Mbeya, ila data za wagonjwa zina kibali cha maadili, na kibali kinakula miezi. Kama muda wako ni mfupi, kaa na viazi na malori.

Hatua ya 5: Mwandikie msimamizi

Fungua ukurasa wa idara, soma majina ya wahadhiri na machapisho yao. Usisome vichwa vya habari tu. Chagua watu watatu, soma walau chapisho moja la kila mmoja hadi mwisho, hata kama umeelewa nusu. Machapisho mengi ya hisabati na kompyuta yanapatikana bure kwenye arXiv, hazina iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, kwa hiyo kisingizio cha kukosa pesa ya jarida hakipo.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini mwenendo wake uwe huu:

"Mheshimiwa Dkt., shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mkoa wa Songwe, nina shahada ya kwanza ya hisabati na fizikia yenye GPA ya 3.7. Nimesoma chapisho lako kuhusu foleni zenye wateja wanaofika kwa makundi. Kwenye sehemu ya tatu umechukulia kwamba ukubwa wa makundi haubadiliki. Nimehesabu malori mpakani kwa wiki mbili na kuona makundi ya asubuhi ni makubwa kuliko ya jioni. Ningependa kujua kama jambo hilo linaweza kuwa msingi wa tasnifu ya uzamili chini ya usimamizi wako. Naambatanisha transkripti na ukurasa mmoja wa wazo langu."

Basi. Haina historia ya maisha, haina "tangu utotoni nimependa namba". Salamu ya shikamoo hubaki moyoni ukiandika Kiingereza, ila heshima yake ionekane: cheo sahihi, jina limeandikwa vizuri, barua fupi. Asipojibu ndani ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa ustaarabu. Akinyamaza tena, nenda kwa wa pili. Wengine huandika barua moja na kuituma kwa wahadhiri arobaini kwa mpigo, wote wakionekana kwenye mstari wa anwani. Hiyo hairekebishiki.

Hatua ya 6: Pesa

Andika bajeti kabla ya kuomba popote, na uiandike kamili: ada, usajili, bima ya afya, pango, chakula, nauli za likizo, gharama za utafiti, kuchapa na kujalidi tasnifu. Wanaosahau mistari mitatu ya mwisho ndio hao unaowakuta wamemaliza kozi zote lakini hawana digrii. Utafiti wa hisabati una nafuu, hauhitaji kemikali wala kokoro. Kompyuta mpakato ya kawaida na intaneti vinatosha. Ukitaka kufundisha mashine kwa picha maelfu, uliza mapema chuo kina seva au la.

Vyanzo viko hivi. Mwajiri, nitamrudia hapo chini. Miradi ya wahadhiri: msimamizi mwenye mradi hai anaweza kuwa na nafasi ya mwanafunzi anayelipiwa, na nafasi hizo mara nyingi hutangazwa kwenye mbao na makundi ya WhatsApp ya idara tu, sababu nyingine ya kuanza na msimamizi. Kwa hisabati upo mtandao wa EAUMP unaounganisha vyuo vya Afrika Mashariki na Zambia, uliojengwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi, na idara ya Dar es Salaam imo. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, hutoa ufadhili hata wa kusoma hapahapa Afrika. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kila mmoja ana tarehe zake, kwa hiyo chora kalenda ukutani uanze kuhesabu kinyumenyume: mfadhili anayefunga Oktoba anahitaji barua za wadhamini Septemba, na mdhamini anahitaji kuombwa Agosti.

Mikopo ya benki ya kukatwa kwenye mshahara, sikushauri. Makato ya miaka mitano kwa digrii ya miaka miwili yanabana pumzi, hasa kama nyumbani kuna wanaokutegemea.

Na kuna matapeli. Mtu anayekuambia "lipa laki mbili nikuunganishe na skolashipu ya AIMS" anakuibia. Malipo halali ya chuo cha umma yanakuja kwa kontroli namba, na jina la chuo linaonekana kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri.

Hatua ya 7: Ukiwa mtumishi, ruhusa kwanza

Mwalimu wa serikali haondoki tu. Barua inapita kwa mkuu wa shule, kwa afisa elimu sekondari, hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kila meza ina kasi yake. Uwe umethibitishwa kazini, na jina lako liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Watu wengi hawajui kwamba mpango huo upo. Nenda kwa afisa utumishi uulize unaandaliwa lini, uombe kuingizwa mwaka mmoja kabla. Baki na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa kwa kila barua. Kuondoka bila ruhusa kwa matumaini kwamba "mkuu ananielewa" kumewagharimu watu mishahara, kwa kuwa mkuu akihamishwa, uelewa wake unahama naye.

Eleza pia shule itafaidika nini. Wilaya yenye upungufu wa walimu wa hisabati haitafurahi kukupoteza, kwa hiyo pendekeza nani atabeba vipindi vyako.

Hatua ya 8: Nyaraka

Majina yafanane kuanzia cheti cha kuzaliwa, NECTA, chuo, NIDA hadi pasipoti. Herufi moja iliyoongezeka kwenye ukoo wa Kinyakyusa au Kihehe itakusumbua. Nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo sasa, siyo wiki ya visa. Nakala zithibitishwe na wakili au hakimu. Kama shahada ya kwanza uliipata nje ya nchi, ipeleke TCU kutambuliwa. Pasipoti ni shilingi 150,000, na unaweza kuianza mtandaoni kisha ukamalizia ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Ukisikia chuo cha nje kinataka mtihani wa Kiingereza, uliza kwanza kama kinakubali barua ya chuo chako inayothibitisha ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vingi vinakubali.

Hatua ya 9: Wadhamini

Wawe wahadhiri waliokufundisha au kukusimamia mradi. Barua ya mchungaji au diwani haisaidii, hata iwe na muhuri mkubwa kiasi gani. Mhadhiri anayefundisha mamia hakukumbuki, na si dharau. Mtumie transkripti, kichwa cha mradi wako wa mwaka wa mwisho, na mistari mitatu ya kumkumbusha ulifanya nini darasani kwake. Ukiweza kupanda gari hadi Iringa au Dar kumwona ana kwa ana, panda.

Hatua ya 10: Ukishapata nafasi

Soma barua ya udahili hadi mwisho, hasa tarehe ya mwisho ya kuthibitisha na kujisajili. Kama pesa haijakamilika, omba kwa maandishi kuahirisha mwaka. Vyuo vingi vina utaratibu huo, na ni bora kuliko kuripoti na kufukuzwa kwenye mtihani kwa ada.

Miezi inayobaki kabla ya kuondoka, jifunze LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati iliyojengwa juu ya kazi ya Donald Knuth. Iweke kwenye kompyuta yako yenyewe, maana ile ya mtandaoni haitakungoja intaneti irudi. Andika nayo maswali ya mtihani wa shuleni kwako, utaizoea bila kujua. Jifunze Python hadi kiwango cha kusoma faili la data, kuchora grafu na kutatua mlinganyo mmoja wa mabadiliko ya muda. Weka nakala za kazi zako sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya chumba unacholala.

Muhula wa kwanza ndio mgumu. Kozi ni nne au zaidi kwa pamoja, darasa ni dogo, na mhadhiri ataona siku ambayo hukuja. Tafuta wenzako wawili wa kufanya nao mazoezi, mmoja awe anayekuzidi. Mwezi wako wa tatu chuoni usipite hujaonana na msimamizi na ukurasa wako mmoja wa swali mkononi, hata kama utafiti rasmi unaanza mwaka wa pili. Kila unapotoka ofisini kwake, mwandikie barua pepe fupi siku hiyohiyo: tumekubaliana hiki, nitaleta kile, tarehe fulani.